Watu watatu, chupa moja ya paracetamol: yaliyotukuta Likoni juzi (uzi mrefu)

MamaWawili_Likoni
Assalam aleikum jamani. Huu uzi nauandika mkono bado watetema ijapokuwa leo ni siku ya tatu na mtoto yuko sawa alhamdulillah, yuko hapa nyuma yangu yuwavuta pazia.

Mwanangu mdogo ana miaka mitatu, kilo 13. Hizo kilo nazijua kwa sababu alipimwa kliniki mwezi uliopita, sikudhani zitakuja kunifaa hivi. Jumanne kaamka yuwachemka, kamasi zamtoka, uji hataki. Mimi kazi yangu iko mjini kwa hivyo nkamwacha na bibi yake pamoja na dada anayenisaidia kazi za nyumba, nkawaambia akichemka mpeni ile dawa, sirinji ya mili tano, moja na nusu. Nkashuka feri nkaenda zangu.

Saa kumi mchana mtoto kachemka, bibi kampa. Bibi kaswali alasiri kajinyoosha kidogo usingizi ukampitia. Dada katoka kuanua nguo, kamshika mtoto paji la uso, moto, naye kampa, hiyo ni kama saa kumi na moja na nusu. Mimi nkaingia saa mbili usiku, stima zimepotea mtaa mzima, mtoto kalegea mapajani mwa bibi yake, nkachukua chupa nkampa bila kuuliza mtu. Mama haulizi, mkono wajua wenyewe.

Nafunga kifuniko ndio bibi asema kwani wampa tena? Mbona mimi nshampa. Na dada kule jikoni, hata mimi nilimpa mama. Tukatazamana watu wazima watatu kwa tochi ya simu. Halafu nkamulika ile chupa na hapo ndipo magoti yalipokwisha nguvu. Ile ya mdogo ilikuwa imeisha wiki iliyopita na mimi mwenyewe ndiye niliyeitupa. Iliyobaki kwa kabati ni ya dadake wa miaka minane. Bokisi zafanana, mtoto yuwacheka, rangi ile ile, ladha ile ile ya stroberi, lakini pale chini kwa herufi za sisimizi imeandikwa 250mg/5ml. Ile ya mdogo ni 120mg/5ml. Yaani kila sirinji moja na nusu ilikuwa ni dozi mbili na zaidi, mara tatu, ndani ya masaa manne.

Feri ilikuwa ng'ambo ya pili. Nimevuka pale tangu niko mgongoni mwa mamangu lakini sijapata kuona maji marefu vile. Mtoto mwenyewe wala hana habari, homa imeshuka, yuwauliza mbona hatununui mabuyu.

Hospitali (siitaji) daktari kijana aliniuliza mambo matatu tu: kilo ngapi, miligramu ngapi, saa ngapi. Nkamshukuru Mungu chupa nliibeba mkononi. Wakamtoa damu, wakatulaza tukaangaliwa, asubuhi wakarudia damu, ini halina neno. Tukarudi.

Sasa nauliza, nyumba zenu zenye watu wengi mwafanyaje? Maana hapa kwetu hakuna aliyekosea kwa uzembe. Kila mmoja alimpenda mtoto.

Baba_Pacha
Pole sana dada. Lakini msichukulie vibaya, sisi tulikuwa tunakatiwa Panadol ya watu wazima nusu, yasagwa na kijiko, sukari juu, na tuko hapa. Hizi sirinji na miligramu ni mambo ya juzi.

KauntaYaDawa
@Baba_Pacha wewe uko hapa, sawa. Wale ambao hawako hapa hawana simu ya kukujibu.

Mama wawili pole na hongera, ulifanya lile jambo wengi hawafanyi, ulienda kabla mtoto hajaonyesha kitu. Mimi niko nyuma ya kaunta ya kemisti mwaka wa tisa sasa hapa Mwembe Tayari, acha niweke hesabu wazi kwa sababu watu wanaogopa hesabu na ni ndogo tu.

Paracetamol ya mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa mara moja. Mtoto wa kilo 13, mara kumi na tano, ni 195. Hapo ndipo mwisho wake kwa mara moja. Akipewa mara nne kutwa kucha, 780, na hiyo nayo ndio mwisho wa siku, baina ya dozi na dozi yapite masaa manne kwa uchache, mimi huwaambia watu sita ili wasikosee. Sasa chupa ya 120mg/5ml ukitoa mili saba na nusu wapata 180, safi kabisa. Chupa ya 250mg/5ml mili zile zile saba na nusu ni 375. Mara tatu ni 1,125. Mtoto kapita kiwango cha siku nzima kati ya alasiri na isha.

Na ubaya wa paracetamol ni kwamba haina kelele. Siku ya kwanza mtoto ikizidi anaweza kutapika kidogo au asionyeshe chochote, acheze, ale, huku ini ndani linaungua. Mpaka macho yawe manjano ni siku kadhaa zimepita. Na dawa ya kuizuia ipo, yaitwa asetilisistini, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa manane tangu mtu ameze. Ndio maana ile tabia ya ngoja tumwangalie kwanza mpaka kesho ni tabia mbaya. Usimtapishe, usimpe maziwa ati yazimue. Beba chupa, nenda.

Na sisi wa kemisti tuna makosa yetu. Mtu anakuja anasema nipe dawa ya homa ya mtoto, tunampa, tunachukua pesa. Hatuulizi kilo. Mimi mwenyewe kukiwa na foleni ya jioni huwa siulizi, nasema kweli.

Bi_Mwana_wa_Kibokoni
Mwanangu pole. Usimlaumu bibi yake. Sisi zamani kulikuwa na kale kaasprini ka watoto karangi ya chungwa, katamu, twawapa watoto kama peremende. Sasa naambiwa haifai. Kwani ilifanya nini?

SistaWaZamu
Shikamoo bi mkubwa. Haifai kweli. Kuna ugonjwa unaitwa Reye, umechukua jina la daktari wa Australia aliyeueleza mwaka 1963, mtoto akiwa na mafua au tetekuwanga akapewa asprini anaweza kuvimba ubongo na ini likaharibika. Hautokei sana, lakini ukitokea ni mzito. Uingereza walikataza asprini kwa watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1986, baadaye wakapandisha wakafikisha 16. Kwa hivyo mtoto wa homa hapewi asprini isipokuwa daktari mwenyewe ameandika kwa sababu yake, kama ya moyo. Na mchunge vile vidonge vya maumivu vya kichwa vinavyouzwa dukani kimoja kimoja pamoja na sigara na maandazi, baadhi vina asprini na kafeini ndani na mtu wa duka hajui.

Bi_Mwana_wa_Kibokoni
Marahaba mwanangu. Basi ninayo kabatini mpaka leo. Nitaitupa.

KauntaYaDawa
Bi mkubwa usiitupe kwa jaa, watoto huokota. Ipeleke kemisti yoyote hapo karibu au changanya na majivu uifunge.

Mvuvi_wa_Mtongwe
Wangu nampa Brufen, ile ibuprofen. Homa yashuka haraka na yakaa kitambo kuliko paracetamol. Nyinyi mwahangaika bure na miligramu

SistaWaZamu
@Mvuvi_wa_Mtongwe kaka Brufen nayo ina miligramu zake, ya watoto mara nyingi ni 100mg/5ml, na ina masharti kuliko paracetamol. Si ya mtoto wa chini ya miezi mitatu wala aliye chini ya kilo tano. Apewe akiwa amekula kitu. Kama anahara na kutapika, midomo imekauka, hakojoi, usimpe, figo zitapata tabu. Tetekuwanga usimpe. Mwenye pumu uliza kwanza.

Halafu kuna jambo la hapa kwetu Mombasa. Dengue, ile homa ya mbu. Mmesahau 2013? 2017? 2021? Nyumba nzima chini, mifupa yauma mpaka mtu hawezi kushika kikombe, na kipimo cha malaria kinasema hakuna kitu. Dengue inafanya damu isigande vizuri, na Brufen nayo inafanya hivyo hivyo, pamoja na diklofenaki na asprini. Ukizipandisha pamoja mtoto anaweza kutoka damu. Kwa hivyo homa ambayo hujajua ni ya nini, hapa pwani, mvua zimenyesha, mbu wa mchana wako kwa mitungi, anza na paracetamol na maji mengi ya kunywa. Brufen iache mpaka ujue. Na dengue ina ujanja, hatari yake huja siku ya tatu mpaka ya saba, pale homa *inaposhuka* na wewe ushasema alhamdulillah kapona. Tumbo likiuma sana, akitapika hakomi, fizi zikitoka damu, amelegea hataki kuamka, hiyo si ya kungoja asubuhi.

Msomi_wa_Mji_wa_Kale
Kando kidogo na mada: hilo neno dengue wapo wasomi wanaosema asili yake ni Kiswahili, kidinga pepo, ndio tunayoiita kidingapopo. Yaani ugonjwa ni wetu na jina ni letu na bado twaupa Brufen.

Mvuvi_wa_Mtongwe
😂😂 haya nimesikia. Ya denge sikujua wallahi. 2021 mimi nliumwa, nkameza diklo siku nne.

Kaka_wa_Bombolulu
Mimi nataka kuongea juu ya kijiko. Baada ya kusoma hapa nlienda jikoni nkachukua sirinji nkaanza kupima vijiko vya chai vya mke wangu kwa maji. Cha kwanza kikashika mili tatu na kitu. Cha pili tano. Kile kirefu cha kukorogea sharubati, saba. Vyote vyaitwa kijiko cha chai, vyote vyakaa kikombe kimoja. Mke wangu kaniona nimeinama nimepanga vijiko mstari kauliza kama niko sawa.

Mama_K_Changamwe
Na kutikisa chupa jamani. Ile dawa hukaa chini. Msipotikisa mtoto wa mwanzo anakunywa maji ya sukari na wa mwisho anakunywa dawa yote.

Mimi swali langu ni la chanjo. Mtoto wangu ana wiki 6 keshokutwa anadungwa, jirani aliniambia nimpe paracetamol nikiwa bado nyumbani ndio asipate homa. Nimpe?

SistaWaZamu
Hapana mama, usimpe ya kinga. Kuna utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha watoto waliopewa paracetamol ya kujikinga wakati wa chanjo miili yao ilitengeneza kinga kidogo kuliko wengine. Mdungishe, mnyonyeshe, mvue nguo nzito. Akichemka baadaye mwambie sista aliyemdunga akupangie kipimo kwa kilo zake, pale pale kabla hujatoka. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu akipata joto la 38 au zaidi siku nyingine tu, ambayo hakuchanjwa, hiyo si homa ya kutibia nyumbani. Usimpe dawa ukalala. Mlete. Wadogo hivyo huficha mambo makubwa.

Baba_Pacha
Haya nimekubali yaishe lakini swali. Kama homa haiharibu kitu mbona tukimbie? Na degedege je? Mimi mmoja wangu alipatwa, siku hiyo nlizeeka. Ndio maana tangu hapo nikihisi joto kidogo tu nampa, kila saa nne, hata akiwa amelala namwamsha.

SistaWaZamu
Kaka hapo umegusa. Naandika kirefu kidogo, zamu imepoa.

Degedege ya homa huwapata zaidi watoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, na kwa kuangalia yatisha kuliko chochote, najua wazee wetu husema ni nyuni, ni ndege amepita juu ya nyumba, wanafukiza. Mimi sigombani na mtu na ubani wake ila moshi usiwe mwingi, mtoto apumue. Lakini paracetamol haizuii degedege. Imejaribiwa na haizuii. Kwa hivyo ile kumwamsha mtoto amelala vizuri umpe dawa kwa hofu hiyo, unampunguzia usingizi tu na unajiongezea dozi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa watoto lasema mpe paracetamol kama joto limefika 39 au zaidi na mtoto hana raha. Raha ndio jambo. Mtoto wa 38.7 anayecheza na kunywa si lazima apewe kitu. Nunua kipimajoto, kwapani chatosha, kiganja cha mama kinajua moto lakini hakijui ni moto kiasi gani, hasa kama umetoka kuosha vyombo.

Ikitokea degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe dawa ya kunywa wakati huo, tazama saa, ikipita dakika tano kimbia, na hata ikiisha mapema mlete aonekane. Maji baridi na barafu hapana, spiriti ya kupaka hapana kabisa, ngozi hunywa na pua hunywa.

Na kushuka kwa homa si kupona. Hapa tunavuka kwenda Kwale na Kilifi kila wikendi kwa shemeji na shangazi, malaria iko. Mtoto mwenye homa apimwe malaria. Paracetamol inaweza kumchangamsha akala wali samaki jioni na vijidudu viko pale pale.

Nyumba_ya_Chini
Mimi mwanangu akinywa atapika. Narudia au sirudii?

KauntaYaDawa
Paracetamol, kama katapika kabla ya nusu saa haijapita, mrudishie ile ile mara moja. Nusu saa ikipita usirudie, ngoja dozi ijayo. Akitapika kila mara acha kupigana naye, nenda akaonekane.

Na jambo jingine ambalo laniuma. Dawa za mafua. Mtu anakuja na mtoto, anachukua paracetamol, halafu anaongeza chupa ya mafua na kikohozi. Geuza hiyo chupa ya pili usome nyuma, nyingi zina paracetamol ndani pamoja na vitu vingine. Kwa hivyo kampa mbili akidhani kampa moja na moja. Kwa watoto wadogo hizo za mchanganyiko mimi nawaambia wasinunue kabisa, chumvi ya puani yatosha.

Kaka_wa_Bombolulu
Na zile za kumiminiwa je? Kuna mahali kule kwetu mtu aja na chupa ya soda tupu apimiwa sirapu kutoka galoni.

KauntaYaDawa
Usinunue. Haina lebo, hujui ni 120 au 250, hujui iliisha lini, hujui ndani kuna nini. Kumbukeni Gambia 2022, zaidi ya watoto 60 walikufa figo, sirapu zilikuwa na dietilini glaikoli, ni kitu cha viwandani. Zile zilikuwa na lebo na bado. Angalau iliyofungwa na yenye namba ya bechi ikitangazwa mbovu unaweza kujua kama ndiyo uliyonayo. Ya chupa ya soda utamuuliza nani?

MamaWawili_Likoni
Nimerudi jamani. Nimesoma zote, Mungu awalipe, sista na wewe wa kaunta.

Tulivyofanya. Chupa ya 250 nimeihamishia chumbani kwangu juu ya kabati, imefungwa kwa mfuko wake na jina la dadake kwa kalamu nene. Ya mdogo nimenunua mpya na safari hii niliuliza, yule kijana wa kemisti kanitazama kama mimi ni polisi namsaili. Sirinji nimeipiga mstari wa rangi ya kucha pale kwenye mbili na nusu, kwa hivyo ni moja kamili halafu mpaka mstari, basi. Hapo mlangoni mwa friji nkabandika karatasi, saa, kiasi, nani katoa.

Siku ya kwanza karatasi ikafanya kazi. Siku ya pili nkakumbuka bibi hasomi. Yeye hakusema kitu, alikuwa yuwaiangalia tu ile karatasi vile mtu huangalia mgeni aliyekaa kiti chake.

Leo narudi kazini nakuta kachukua vibanio vinne vya nguo kavibana kwenye ukingo wa kikapu cha dawa. Nkamuuliza ni nini. Kasema kila anayempa mtoto atoe kibanio akibane kwenye shingo ya chupa. Vikiisha kikapuni, dawa ya leo imekwisha, asiguse mtu. Na saa je bibi? Kasema yeye atampa baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri, baada ya magharibi, na cha nne ni changu mimi usiku wa manane kama mtoto ataamka mwenyewe.

KauntaYaDawa
Alfajiri mpaka adhuhuri masaa saba na kitu, adhuhuri mpaka magharibi sita. Alasiri kairuka makusudi?

MamaWawili_Likoni
Nlimuuliza hivyo hivyo. Kasema alasiri na magharibi zimekaribiana mno, hata chai huzinywi mbili.